Jiwe Lililokataa Kutoa Povu

Nimestaafu nikiwa na umri ambao wenzangu wa chuo kikuu ndio kwanza wanathibitishwa kazini. Neno "kustaafu" ni lenu, mafundi wenzangu, si langu. Mlinipikia chai ya maziwa, mkanipa brashi mpya iliyofungwa utepe, na mmoja wenu akaniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Naandika kwa sababu nyingine: nimewasikia mkiwaeleza wateja kwa nini dawa inafanya kazi, na nusu ya sababu mnazotoa si za kweli.

Kazi yetu ni kuondoa mawe bafuni. Watu huita uchafu, kutu, magamba, na mteja mmoja wa Kyuso aliita laana, lakini ni mawe. Maji ya visima vyetu hupita kwenye miamba kwa miaka mingi kabla ya kufika kwenye bomba, na njiani huokota chokaa na chumvi za kila aina. Maji yakikauka kwenye shawa, kwenye sinki au chini ya ukingo wa choo, yalichookota yanakiacha hapo. Tone moja si kitu. Matone ya mwaka mzima ni ukuta.

Nilipomaliza shahada ya kemia nilirudi nyumbani Kitui kungoja kazi ya maabara. Nilingoja mpaka mama akachoka kuwaambia majirani kwamba nangoja. Siku moja alikuja Mzee Nzioka, fundi wa mabomba, kufungua bomba letu lililoziba. Alikuwa anagonga kwa patasi. Nikamuuliza kwa nini anagonga kitu kinachoweza kuyeyushwa.

"Kuyeyushwa na nini?" akauliza bila kugeuka.

"Na asidi."

"Wewe ndiye yule wa kemia?"

"Ndiyo."

"Basi kesho twende Zombe, Profesa. Utagonga kwa kemia yako, mimi nitagonga kwa patasi yangu, tuone nani atakula mapema."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Siku ya kwanza Zombe ilikuwa nyumbani kwa mfanyabiashara wa pojo aliyejenga bafu zuri kuliko sebule. Nilibeba asidi kali, ile wanayotumia mafundi wa vigae, na nilikuwa na haraka ya kuonekana. Nzioka alinishika kiwiko. Akachovya kijiti, akadondosha tone moja sakafuni, nyuma ya mlango ambako hakuna anayeangalia. Sakafu ilikuwa ya terazo, na tone lile likaanza kuchemka.

"Sakafu hii haipendi dawa yako," akasema. "Sijui ni kwa nini, lakini nimeiona ikifa mara nyingi."

Nilijua ni kwa nini. Vipande vyeupe vya terazo ni mawe ya chokaa, sawa kabisa na gamba nililotaka kuliondoa. Asidi haitofautishi jiwe la mwenye nyumba na jiwe la maji. Tulikaa kwenye ukingo wa beseni nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu mazuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni. Tangu siku hiyo hatukuanza kazi popote bila tone la nyuma ya mlango. Ninyi mkiliruka, msiseme mlifundishwa na mimi.

Mengine tuliyajua polepole. Asidi kali tuliiacha, tukahamia unga wa ndimu, ule mweupe wanaoununua watengeneza juisi na jamu. Hauvunji pua, hauli kromu ukiutumia kwa adabu, na ukimwagika sakafuni unakupa muda wa kukimbilia maji, ingawa huo nao huila terazo. Kwa shawa tulikuwa tunafunga mfuko wa nailoni wenye maji ya ndimu, mpaka mifuko ikapigwa marufuku. Nzioka akaleta glavu za mpira. Unajaza glavu, unaivalisha shawa, unafunga kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Inaning'inia kama kiwele cha mbuzi. Wateja hucheka, lakini ukiivua baadaye wanaacha kucheka. Na lile la mwisho mnalijua, nalirudia tu: dawa ya asidi na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hazikutani kamwe, hata kwenye ndoo moja iliyosuuzwa vibaya. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na haitaki kujua una digrii.

Sasa nije kwa Kibwezi, kwa sababu ndiyo kazi ninayojivunia.

Mzee Kimanzi alikuwa na gesti si mbali na barabara ya Mombasa, na alikuwa mzee wa kanisa. Alitupigia simu kusema ana uchafu sugu kwenye vyoo na sinki, na kwamba Ijumaa angepokea wageni wa kongamano la kanisa. Tulifika Jumanne. Aliyetufungulia vyumba alikuwa Mumbua, mama wa makamo aliyesimamia usafi na kusaidia kupika katika gesti ile tangu ilipofunguliwa. Hakutusalimu. Alinyoosha mikono yake tuione. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa kusugua.

"Mmeletwa kuangalia vile mimi ni mchafu?" akauliza.

"Tumeletwa na njaa, mama," Nzioka akasema. "Hayo mengine tutayaona kwa macho yetu."

Akacheka kidogo, kwa kulazimika, kisha akatueleza. Magamba ya rangi ya chai yalikuwa yameanza kuota kwenye kila choo na kila sinki. Alisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Hayakutoka. Kimanzi alimwita mchafu mbele ya wafanyakazi wa jikoni, na miongoni mwao walikuwemo akina mama wa kanisani kwao. Jumapili iliyofuata, Mumbua alipokwenda kupakua chakula cha ushirika kama alivyofanya siku zote, alikuta upawa umeshashikwa na mwingine. Hakuna aliyemwambia kitu. Walimpa vyombo avioshe.

"Kazi naweza kutafuta nyingine," akasema. "Mzee ameshamwita binamu ya mke wake aje achukue hii, sawa. Lakini nikiondoka hapa na hilo jina, nani atakula kutoka kwa mkono wangu?"

Nikamwambia kwamba ule si uchafu, ni mawe, na nitamthibitishia mzee mbele ya macho yake. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimelisema jambo hilo katika nyumba nyingi.

Kimanzi alikuja akasimama mlangoni mwa choo, mikono nyuma.

"Naambiwa mnaondoa uchafu sugu."

"Hatuondoi uchafu, mzee. Tunaondoa mawe."

"Mawe. Yanatoka ndani ya ukuta?"

"Yanatoka ndani ya maji."

Nikaona Mumbua akiinamisha kichwa, na sikujua nimekanyaga nini. Baadaye ndipo nilipoelezwa. Gesti ilikuwa ikitumia maji ya mvua kutoka kwenye matangi, mpaka Kimanzi akachimba kisima kirefu. Siku maji yalipotoka, mchungaji alikiweka wakfu, kwaya ikaimba, na Kimanzi akatoa ushuhuda jinsi mafundi walivyomwambia akate tamaa na yeye akakataa. Majirani wote walikuja kuchota. Tangu siku hiyo, kila kitu kingeweza kulaumiwa kwa magamba isipokuwa maji, na mtu wa karibu zaidi na magamba alikuwa Mumbua.

Nikachukua kijiti, nikadondosha maji makali ya ndimu juu ya gamba. "Likiwa jiwe la chokaa litatoa povu," nikasema. "Uchafu hautoi povu."

Tukainama wote. Tone likakaa pale, limetulia kama tone la maji ya kunywa.

"Nangoja," Kimanzi akasema.

Nikaongeza. Nikatoa ile asidi kali tuliyokuwa tunaibeba kwa dharura, nikaweka tone. Kimya.

"Msichana, jiwe lako limelala," akasema, akaenda zake.

Mumbua hakuniangalia. Nilikuwa nimekuja kumtetea, na sasa kulikuwa na ushahidi dhidi yake ambao haukuwepo asubuhi. Nzioka aliona uso wangu. "Unataka nigonge?" akauliza kwa upole. Tukaligonga bakuli la choo kidogo kwa kucha, likalia kama kikombe. Patasi ingelipasua.

Nawaambia kitu kimoja kuhusu kutilia shaka. Ni rahisi kutilia shaka maneno ya watu wengine. Mchana ule ilibidi nitilie shaka maneno yangu. Nilikuwa nimesema uchafu hautoi povu, na hilo ni kweli. Lakini nilikuwa nimewafanya wote waamini kwamba kila jiwe hutoa povu, na hilo halikuwa kweli hata kidogo. Yako mawe ya maji ambayo asidi haiyatishi. Swali lilikuwa, hili ni lipi?

Mumbua alitupa chakula jikoni, isyo, mahindi na mbaazi zilizochemshwa pamoja. Ilikuwa imeiva vizuri, na ilikuwa na ule mteremko wa magadi kooni. Mimi huuliza kila kitu, kwa hivyo nikauliza.

"Dada Mumbua, huwa unatia magadi siku zote?"

"Zamani hapana. Na maji ya mvua mbaazi zilikuwa zinaiva zenyewe. Tangu haya ya kisima, usipotia magadi unakula kokoto."

"Nyingi?"

"Nyingi mpaka Mzee analalamika chakula ni cha kuteleza. Hiyo pia ni mimi," akasema.

Niliacha kijiko. Maji yanayokataa kuivisha mbaazi yamejaa kalisi, madini yaliyomo ndani ya chokaa, hilo linajulikana. Lakini kalisi hii haikuwa imekaa kwenye choo kama chokaa ya kawaida, kwa maana ingetoa povu. Ilibaki kwamba imekaa kama jasi, jiwe lile la kutengenezea chaki za ubaoni na plasta ya mfupa uliovunjika. Jasi haijali ndimu. Magadi ndiyo inayoijali. Ukilowesha jasi kwa magadi, vitu viwili hivyo hubadilishana wenzi: sehemu moja ya jasi inaondoka na maji, na ile kalisi inabaki ikiwa chokaa ya kawaida. Na chokaa ya kawaida tulikuwa tunaijua dawa yake.

"Fundi," nikamwambia Nzioka, "hatujakosea dawa. Tumekosea zamu. Magadi kwanza, ndimu baadaye."

"Tutapika choo?"

"Tutakipika."

Mumbua alichemsha sufuria nzima ya magadi, nyingi kuliko aliyowahi kuitia kwenye isyo. Tulichovya matambara, tukayalaza juu ya magamba yote, chini ya kingo za vyoo, kuzunguka mabomba ya sinki, tukayafunika yasikauke. Kila yalipopoa tuliyachovya tena, na tukayaacha mpaka kesho yake. Mumbua ndiye aliyefanya sehemu kubwa, kwa glavu zetu za mpira. Tulipomweleza kwamba kwetu glavu huvaa shawa, akasema laiti mikono yake ingezivaa mapema.

Jumatano asubuhi nilikuwa na kijiti mkononi kabla ya chai. Nzioka akanizuia tena, kama siku ile ya Zombe.

"Profesa. Magadi yenyewe ikikutana na ndimu, si hutoa povu?"

Hutoa, tena sana. Ningedondosha tone, povu lingepanda, ningepiga kelele za furaha, na lingekuwa povu la mabaki ya magadi tu. Hilo ndilo swali ambalo mtu wa maabara anapaswa kujiuliza kwanza, na nililiacha kwa sababu nilitaka sana jibu liwe ndiyo. Tukasuuza. Tukasuuza tena. Tukachukua maji ya mwisho ya kusuuza tukayatia kwenye kikombe, tukadondosha ndimu humo kwanza. Kimya. Ndipo tukadondosha kwenye gamba.

Lilianza pembeni, vitone vidogo kama vya soda iliyomiminwa kwenye glasi, kisha likaenea. Mumbua alipiga magoti akaweka sikio karibu.

"Linaongea," akasema.

Haikuwa kazi ya mara moja. Magadi hugeuza ngozi ya juu tu ya jiwe, ndimu inaila, unakutana na ngozi nyingine, unarudi kwa magadi. Mabaki machache ambayo hayakusikia lolote tuliyasugua kwa lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, likiwa limelowa daima, maana likikauka linachora. Alhamisi jioni vyoo vilikuwa vyeupe kiasi kwamba Mzee Kimanzi alisita mlangoni, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Vizuri sana," akasema. "Mmeona? Inawezekana. Sasa Mumbua amejifunza kuosha."

Nadhani hata Nzioka, ambaye hashangai, alishangaa. Tulikuwa tumeondoa mawe yote na jina lilikuwa bado limekaa palepale, safi zaidi kuliko mwanzo. Choo kinachong'aa hakithibitishi kwamba hakikuwa kichafu. Kinathibitisha kinyume chake.

Nilifungua mdomo. Mumbua alikuwa ameshaondoka. Tulimkuta jikoni akiweka sufuria mbili juu ya jiko, moja maji ya kisima, moja maji ya mvua yaliyokuwa yamebaki kwenye tangi la zamani. Sufuria zilikuwa mpya, za kongamano, hazijawahi kupikiwa. Aliyachemsha mpaka yakakauka kabisa. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Kama ningekuwa na mwanafunzi aliyeandaa jaribio vizuri namna ile, ningempa alama zote.

Alizibeba mpaka ofisini kwa Kimanzi, akaziweka mezani. Moja ilikuwa inang'aa. Nyingine ilikuwa imevaa utando mweupe uliochanganyika na rangi ya chai.

"Mzee, hii ni ya mvua na hii ni ya kisima," akasema. "Sikuzisugua, sikuzigusa kwa kitambaa. Niambie ni ipi niliyochafua."

Kimanzi alikwaruza utando ule kwa kucha. Akaangalia unga uliobaki kwenye kucha.

"Haya maji yameombewa," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, karibu kama anauliza.

Mimi sina imani sana na mambo ya kuombea visima, na mnanijua, nilikuwa na sentensi tayari. Nashukuru Nzioka aliwahi.

"Mzee, si mliomba maji yapatikane?"

"Ndiyo."

"Yamepatikana?"

"Yamepatikana."

"Basi maombi yalijibiwa yote. Hakuna aliyeombea choo."

Kimanzi hakucheka, lakini alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayezuia kucheka. Akazisogeza sufuria kando, akasema tuonane Jumapili, akarudi kwenye shughuli zake. Mumbua akatoka bila kujua amepata nini.

Mpangilio wa miaka unanitaka niendelee mbele kutoka hapo, kwa hivyo nitafanya hivyo haraka, kisha nirudi. Magadi kwanza, ndimu baadaye, imetufikisha mahali pengi ambapo wengine walishindwa: shule za bweni, zahanati, msikiti mmoja Mwingi ambapo mabomba ya kutawadhia yalikuwa yanatoa maji kama machozi. Patasi ya Nzioka ipo, anaitumia kufungulia mikebe ya rangi. Kimanzi alirudisha matangi ya mvua kwa vyumba vya wageni, na bado anatuita kila kiangazi kwa ajili ya vingine, maana kujua jiwe ni nini hakulizuii kuota. Mumbua aliacha gesti kwa hiari yake akajiunga nasi, na ninyi wengi mmefundishwa na yeye, sio mimi. Mnaposhangaa kwa nini anawalazimisha kujaribu maji ya kusuuza kabla ya gamba, sasa mmejua. Mimi nakwenda kwenye kazi ya kuyatoa mawe kwenye maji kabla hayajafika bombani. Tukifaulu huko, ninyi mtakosa kazi. Nimewaambia mapema.

Jumapili ile tulikwenda kanisani, mimi na Nzioka, tukakaa nyuma. Wageni wa kongamano walijaza viti. Wakati wa ushuhuda Mzee Kimanzi alisimama. Alisema Bwana asifiwe, wakasema amina. Alisema Mungu alimpa maji, na wiki hii amemwonyesha kilichomo ndani ya maji hayo. Kemia hakuitaja. Magadi hakuitaja, wala sisi. Nzioka alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Kisha mzee akasema:

"Na kuna mtu nilimwita mchafu mbele ya watu. Kwa hivyo nasema mbele ya watu. Mumbua hakuwa mchafu. Lilikuwa jiwe, na lilitoka kwa kisima changu."

Akakaa. Alikaa haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Baada ya ibada, meza zilipangwa nje. Mumbua alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya vyombo vichafu, kwa mazoea, na mama aliyeshika upawa akamwita kwa jina. Alimpa tu upawa, upande wa mpini. Mstari ulikuwa mrefu, na mbele kabisa, kwa sababu ya uzee wake wa kanisa, alisimama Kimanzi na sahani.

Mumbua akampakulia, akajaza.

"Ni mkono ule ule, mzee," akasema.

"Najua," Kimanzi akasema. "Ongeza."